Maswali Yaliyokatikia kwenye Ng'

Mama yangu aliwaambia majirani kwamba ninaandika kodi. Kwa karibu mwaka mzima watu wa kwetu Gede waliamini kuwa nimeajiriwa Malindi kuzunguka nikidai kodi za nyumba, na jirani mmoja aliyekuwa na vyumba vya kupangisha akaacha kabisa kuniuliza habari za kazi. Nilipogundua nilicheka, kisha nikamfuata mama jikoni.

"Mama, si kodi ya nyumba. Ni code ya Kiingereza, yaani msimbo. Ni maagizo ninayoiandikia kompyuta."

"Na kompyuta inatii?"

"Ikielewa, inatii."

"Basi imewashinda nyinyi," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nilikuwa mtu pekee wa kompyuta katika kliniki ya mama na mtoto yenye vituo vidogo kadhaa, kimoja si mbali na kwetu, kingine upande wa Bofa, kingine hadi Kikambala. Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo ya dawa, ubavuni mwa friji ya chanjo iliyonguruma mchana kutwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kila mtoto aliyezaliwa au kuchanjwa kwetu aliandikwa na wahudumu, jina lake, la mamake, kijiji chake, na chanjo alizopata. Habari zote zilikusanyika katika hifadhidata moja. Kila Jumatatu asubuhi programu yangu iliiuliza hifadhidata hiyo, kijiji baada ya kijiji: watoto gani wa hapa siku yao ya chanjo imepita na hawajaja? Majibu yalitoka kama orodha, orodha ikachapishwa, na wahudumu wa afya wa vijijini wakapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta.

Maswali hayo niliyatunga mwenyewe, neno kwa neno, kwa lugha ya hifadhidata. Niliyaunga kwa vipande: mwanzo wa sentensi, halafu jina la kijiji, halafu mwisho wa sentensi. Nilikuwa na kiburi nayo. Chuoni mwalimu wangu aliwahi kulisoma swali langu moja mbele ya darasa zima, akasema hivi ndivyo linavyoandikwa, na maneno yale nikayavaa kama gauni la Idi. Kijana mmoja niliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, aliniambia zaidi ya mara moja nitumie maktaba. Katika kazi yetu maktaba si jengo la vitabu. Ni furushi la msimbo ulioandikwa na wengine, ukaachwa wazi ili kila mtu autumie. Hii aliyoisifu kazi yake ilikuwa moja: unaiambia unataka nini, nayo inakutungia swali la hifadhidata.

"Hiyo ni ya wavivu," nilimjibu. "Mimi lugha naijua."

Mkuu wetu alikuwa muuguzi wa makamo, mzaliwa wa visiwa vya kaskazini, ambaye wote tulimwita Sista. Kiswahili chake kilikuwa kizito na kizuri, na hakukuwa na mtu aliyethubutu kumwambia "mambo" badala ya shikamoo. Kompyuta aliistahi kama mgeni asiyemjua vizuri. Orodha yangu aliipokea kila Jumatatu, akaisoma yote amesimama, ndipo akaisaini. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vyema alikuambia, "Haya." Ukiharibu alinyamaza.

Lakini kulikuwa na kijiji kimoja, ndani huko nyuma ya Gede, alichokisifu waziwazi. Kila Jumatatu orodha ilitoka na majina ya kila mahali isipokuwa pale. Jumatatu baada ya Jumatatu, hakuna mtoto hata mmoja aliyekosa chanjo. Sista alipokwenda huko kwenye baraza la chifu, aliwasimamisha akina mama akawapigia makofi. Aliwaambia vijiji vingine vije vijifunze kwao. Nami nilikuwa nimeketi nyuma ya baraza lile, na nilifurahi kama vile nimewazaa mimi.

Halafu akaja mtoto mwenye surua.

Ilikuwa asubuhi, foleni imefika mlangoni. Mama mmoja kijana aliingia na mtoto wa kiume mgongoni, macho mekundu, mwili umejaa vipele, akikohoa kikohozi kikavu. Sista alimpeleka chumba cha peke yake papo hapo. Baadaye kidogo aliniita. Alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya yule mtoto, kidole kimetua kwenye kisanduku kitupu.

"Dozi ya pili hakupata. Miezi mingi imepita," alisema. "Anatoka wapi, mama?"

Yule mama akakitaja kijiji. Kilikuwa kile kile cha kupigiwa makofi.

"Mbona hukuja?"

"Nilihamia kwa mama mkwe, pale pale kijijini, baada ya mavuno, Sista. Siku ikanipita. Nikasema watakuja kunikumbusha. Kwa dadangu wa kijiji cha pili walikuja mara mbili. Kwetu hajaja mtu."

Sista akanigeukia. "Huyu mbona hakuwa kwenye orodha?"

Nilisema nitaangalia. Nilirudi chumbani nikiwa na uhakika kwamba mhudumu fulani amekosea kuandika tarehe. Nikamtafuta mtoto kwenye hifadhidata kwa macho, nikishuka safu kwa safu, nikamwona. Tarehe zake zilikuwa sawa. Kijiji chake kilikuwa sawa. Dozi ya pili haikuwapo. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado orodha yangu haikumtaja.

Basi nikachukua lile swali langu nililolionea fahari, nikaliuliza mwenyewe kwa kijiji kile kimoja. Hifadhidata ikanirudishia hitilafu: sentensi haieleweki.

Nilikodoa macho. Kisha nikaona. Katika lugha ya hifadhidata, jina lolote unalouliza hufungiwa kati ya vialama viwili vidogo, kimoja mwanzo na kimoja mwisho. Na kialama chenyewe ni kimkia kile kile tunachokitia kwenye ng' tunapoandika ng'ombe au ng'ambo, ambacho walimu hukiita ritifaa. Jina la kijiji kile lilikuwa na ng' katikati. Hifadhidata ilipolisoma ilifika kwenye ritifaa ikadhani jina limekwisha. Herufi zilizobaki zikawa upuuzi usio na maana kwake. Swali likakatika papo hapo.

Ningaliliona kosa hilo siku ya kwanza kama si werevu wangu mwingine. Zamani kidogo, mtandao ulipokuwa ukipotea mara kwa mara, niliiamuru programu kwamba ikikwama kwenye kijiji kimoja isisimame, iruke iendelee na kinachofuata. Ikawa inaruka. Kila Jumatatu ilifika kwenye kijiji kile, ikakwama, ikaruka, wala haikuniambia. Kule hakukuwa na kijiji kisichokosa chanjo. Kulikuwa na kijiji kisichoulizwa.

Liko jambo jingine lililonichoma zaidi, na sikumwambia mtu siku ile. Jina la babangu lina ng'. Shuleni waliliandika bila ritifaa, kwenye kitambulisho likatoka bila ritifaa, nami nikazoea, hata mwenyewe nikawa naliandika hivyo. Nilipokuwa nikiijaribu programu kabla ya kuanza kutumika, mtoto wa majaribio nilimpa jina langu na la babangu, kama nilivyolizoea, nikamtafuta kwa jina hilo. Lingekuwa kamili, lingenigomea siku hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa Sista kabla ya saa sita. Niliogopa, lakini niliogopa zaidi kukaa nalo.

"Sista, kosa ni langu. Programu imekuwa ikikiruka kijiji kile tangu mwanzo. Wale akina mama hawajafuatwa hata mara moja."

Alinyamaza. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa tena.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na mimi nikawapigia makofi."

Akafungua mlango, akamwita dereva, akamwambia kesho gari lisiende popote ila kijiji kile. Kisha akaniambia, "Nitakulaumu baadaye, mwanangu, nikipata nafasi. Sasa nataka majina. Na nayataka kama yalivyo. Usije ukaniletea jina limekatwa mkia ili kompyuta ipate raha."

Nilishtuka, kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga: kuziondoa ritifaa zote na yaishe.

Mchana ule nilifungua safu za kijiji kile moja moja, na Sista akaketi kando yangu na madaftari yake makubwa ya zamani, yale niliyokuwa nikiyadharau kimoyomoyo. Mimi nilisoma jina, yeye akalitafuta daftarini, tukakubaliana, tukaandika. Majina ya Kigiriama aliyatamka sawasawa, kila ng' mahali pake, yeye mtu wa visiwani. Tulijaza karatasi mbili, mbele na nyuma. Vikaongezeka vitongoji vingine viwili vyenye ng', vidogo hata hakuna aliyegundua kwamba havimo kwenye orodha, ambavyo navyo havikuwa vimeulizwa kamwe.

Orodha ile ya kwanza ilikuwa ya dharura; asubuhi yake wahudumu waliondoka nayo kwa gari kwenda kuwatangazia akina mama siku ya chanjo. Kazi ya kweli ilianza siku iliyofuata, nilipoyafungua maswali yangu yote na kuona jinsi yalivyokuwa mengi, yote yameungwa kwa namna ile ile. Kulikuwa na namna ya kutia kiraka: popote penye ritifaa uiandike mara mbili, hifadhidata itaelewa. Ningeweza kuzunguka nikitia viraka kila mahali. Lakini nilijijua. Ningesahau mahali pamoja, na mahali hapo pangekuwa na mtoto.

Nikampigia simu yule mwenzangu wa Mombasa. Nilitarajia anicheke. Hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Pole. Anza na lile swali dogo kuliko yote. Usianze na kubwa."

Nikaanza na dogo. Kwa ile maktaba huandiki sentensi nzima. Unaiambia: nataka watoto. Wa kijiji hiki. Wasio na chanjo hii. Wapange kwa tarehe. Kila ombi ni mstari wake, na unaweza kuongeza mstari au kuuondoa bila kuvunja mingine. Maktaba ndiyo inayoitunga sentensi, na jina la kijiji hailichanganyi na sentensi hata kidogo. Hulikabidhi pembeni, peke yake, na kuiambia hifadhidata: hili ni jina, lichukue lilivyo. Hapo jina liwe na ritifaa moja au kumi, liwe na alama yoyote ambayo wazazi wamependa kumpa mtoto wao, haliwezi kukata kitu.

Nikaandika jina la kijiji kile, ng' na yote. Nikabonyeza. Majina yakashuka kwenye skrini, yale yale tuliyoyaandika kwa mkono na Sista. Nikayalinganisha na karatasi, jina kwa jina, kisha nikayalinganisha tena kwa sababu sikujiamini. Hakuna lililopungua. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya stoo, kwenye jua kali la saa saba, nikajifuta machozi kwa kanga. Sikuwa nikilia kwa huzuni.

Ilinichukua majuma kadhaa kuyabadilisha yote. Ile amri ya kuruka niliifuta kwa mikono miwili. Niliandika nyingine: ukikwama popote, simama, piga kelele, andika kwa herufi nyekundu ni kijiji gani. Na mtoto wangu wa majaribio nikamwandika upya, safari hii kwa jina la babangu kama babu alivyompa.

Kabla sijamaliza, tulikwenda kijijini. Hema lilisimamishwa uwanjani mwa shule ya msingi, sanduku la barafu la chanjo likawekwa juu ya dawati, na akina mama wakaja na watoto wao, wengi kuliko tulivyotegemea, kwa kuwa habari za surua zilikuwa zimeshatangulia. Yule mtoto wa kwanza alikuwa amepona. Mamake alikuja naye, amekonda lakini anakimbia.

Sista alisimama mbele yao.

"Nilikuja hapa nikawasifu," alisema. "Sifa zile zilikuwa kosa letu. Hatukuwa tumewauliza. Nawaomba radhi."

Nami nikainuka, ijapokuwa hakuniita, nikasema kwamba mashine niliyoiandikia mimi haikujua kulisoma jina la kijiji chao, kwa ajili ya ng'. Niliyasema kwa Kigiriama, kwa sababu nilitaka wanijue mimi ni nani. Mzee mmoja akauliza nyuma, "Basi sisi tulifutwa na herufi?" Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia ndiyo.

"Na sasa inatujua?"

Nilikuwa na kompyuta begani. Nikaiweka juu ya dawati, kando ya lile sanduku la barafu, nikamwita aje aone. Nikaandika jina la kijiji taratibu mbele yake, na alipoona ritifaa imekaa mahali pake, akainamia kioo, akayasoma majina ya watoto yaliyoshuka chini yake, kwa sauti, na kila jina alilosoma mama fulani alijibu "Abee" au "Naam" kutoka kwenye foleni. Alipofika kwenye la mjukuu wake mwenyewe, ambaye alikuwa bado hajaletwa, aliacha kusoma akaenda kumchukua. Akarudi amembeba.

Tulichanja mpaka barafu ikaanza kuyeyuka. Tulipokuwa tukipakia vitu garini, Sista aliniambia, "Haya."

Sijui kama nimewahi kupewa tuzo kubwa kuliko hiyo.

Baada ya pale nilifanya jambo ambalo nisingeweza kulifanya na maswali yangu ya kuungaunga. Kwa kuwa maktaba ilijenga swali kwa mistari inayoongezwa na kupunguzwa, niliweza kuiachia skrini kazi ya kuongeza. Nilitengeneza ukurasa wenye visanduku: kijiji, umri, aina ya chanjo, kituo, siku ya juma. Ukigusa kisanduku, maktaba inaongeza mstari wake. Usipokigusa, inauacha. Nilimwonyesha Sista mara moja tu. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akarudi kwenye madaftari yake, nikadhani ndiyo basi.

Miezi michache baadaye nilichelewa kurudi kutoka kwenye chai. Nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, miwani imeshuka puani, anagusa kioo kwa kidole kimoja.

"Shikamoo, Sista. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Nimeiuliza mwenyewe."

Alikuwa amechagua kituo cha Kikambala, watoto walio chini ya mwaka mmoja, waliochelewa, kisha akawapanga kwa siku ya juma waliyokuja mara ya mwisho. Sikuwahi kufikiria kuuliza hivyo. Karibu wote walikuja Jumamosi, na kituo kile tulikuwa tumekifunga Jumamosi tangu mwanzo wa mwaka.

"Mama zao wanafanya kazi hotelini," alisema. "Siku nyingine hawatoki; Jumamosi zamu yao huanza mchana. Sisi ndio tuliowachelewesha." Akachukua kalamu akaandika daftarini: *Jumamosi, fungua.*

Alipotoka niliketi nikaangalia swali ambalo maktaba ilikuwa imemtungia. Lilikuwa refu, safi, kila neno mahali pake. Hakuna hata neno moja ndani yake nililoliandika mimi kwa mkono, na Sista asingeweza kulisoma hata kwa kulipwa. Nililisoma mara mbili polepole, nikalichapisha, nikalibandika ukutani juu ya friji ya chanjo. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari la mapema kwenda Kikambala, ingawa hakuna aliyeniita, nikaketi kwenye benchi la nje, nikawaona wale akina mama wakiingia mmoja mmoja na sare zao za hoteli.